Baba Anakula kwa Mchina

Lushoto, 7 Februari 2025

Kaka Anord,

Shikamoo. Usishtuke kupata bahasha. Kwa simu ukisikia neno usilolipenda unasema mtandao unakata, na kwenye kundi la ukoo siwezi kuandika, maana shangazi Klara akisoma asubuhi, kabla ya chakula cha mchana Mlalo nzima imeshajua. Hili ni la kwetu wawili.

Baba ananiaibisha, kaka. Nalisema hivyo hivyo lilivyo.

Unajua kila Alhamisi anashuka kutoka Mlalo kuja kupima presha, kisha anazunguka gulioni. Tangu tumzike mama mwezi wa nane, kila Alhamisi naamka alfajiri, nawasha mkaa na kuchemsha makande vilevile alivyochemsha yeye. Mahindi nayakoboa kama alivyokoboa, kitunguu nakikata vipande virefu, nazi naitia mwishoni kabisa. Sipiki kwa ajili yangu. Napika ili mzee, walau siku moja katika wiki, ale chakula anachokijua. Basi anakuja, anakaa, namnawisha mikono, namwekea sahani. Anasali. Anageuza geuza kijiko. Halafu anasema, "Nimeshiba, mwanangu, nilikula njiani." Anakunywa chai, anaaga, anaondoka.

Jana ndipo nikaijua hiyo njia. Marta wa umoja wa wanawake alikuja dukani kuchukua sare za watoto wake. Akanitazama kwa ile huruma yake ya kutafuta habari, akaniuliza kama siku hizi sipiki. Nikamuuliza kulikoni. Akasema baba anakula kwa Mchina kila Alhamisi, na muda huo alikuwa huko huko.

Kile chumba cha chini ya stendi kilichokuwa duka la mbolea, siku hizi kuna Mchina na mkewe wanauza chakula. Si hoteli ya watalii. Meza za plastiki, viti vya plastiki, bei ya wali maharage. Wanaokula ni madereva na watu wa mboga kutoka Lukozi. Niliacha cherehani nikaenda. Nikamwona kupitia dirishani, mzee wa kanisa mzima, kofia ameiweka magotini, anavuta tambi kutoka kwenye bakuli kubwa na jasho linamtoka. Alikuwa anakula, kaka, kama mtu aliyetoka kulima. Sikuingia.

Baadaye akaja kwangu, akanawa mikono, akasali juu ya makande yangu, akaniambia ameshiba. Nikamwondolea sahani, nikamwekea chai.

Na Marta hajui kuishia katikati. Anasema baba hafiki pale mikono mitupu. Anampelekea yule mama wa Kichina vitu kwenye vibakuli, wiki hii njegere, wiki ijayo peasi, na akitoka vibakuli vimejaa tena. Watu wameshaanza kuongea.

Mimi nimemkosea nini? Wewe ndiye mkubwa, zungumza naye. Lakini kwa upole, nakuomba.

Mdogo wako,
Evelina


Dodoma, 15 Februari 2025

Evelina,

Marahaba. Barua yako imeletwa mezani kwangu na mtu wa masijala, mbele ya wenzangu wote. Wakaniuliza kama nimefiwa. Siku hizi barua ya mkono ni ya msiba au ya mahakama.

Nimeisoma na kuirudia. Wewe unalilia makande, na jambo lenyewe hulioni. Baba ni mjane, mwaka wa mama haujatimia, naye anapelekeana vibakuli na mwanamke. Angekuwa mwanamke wa Kwai ningejua pa kuanzia, ningeuliza ni binti wa nani na kaka zake ni akina nani. Huyu nitamuulizia wapi? Ukoo wetu umekaa Mlalo tangu enzi za wamisionari na hatujawahi kuwa na kesi ya namna hii.

Tena chunguza wanachoweka kwenye hicho chakula. Watu wanasema mengi kuhusu vyakula vile, na mimi siamini yote, lakini mtu mzima hasahau mkono wa binti yake hivi hivi.

Na mumeo je? Kristian amemjibu vibaya siku yoyote? Mzee wa Kisambaa akikosewa na mkwe hasemi. Anaacha kula kwake, basi. Muulize mumeo vizuri akirudi na lori lake.

Nenda ukale pale, uone kwa macho yako, uniletee taarifa. Kwa upande wangu nimeshampigia mzee Danieli wa baraza la kanisa, amwite baba wazungumze kiutu uzima. Baba asijue kwamba imetoka kwangu.

Kaka yako,
Anord


Lushoto, 21 Februari 2025

Kaka,

Shikamoo. Nilikuomba uzungumze na baba. Umezungumza na baraza la kanisa. Hivi huko Dodoma mkitumwa maji huwa mnaita zimamoto?

Taarifa yako hii hapa. Nilienda Jumanne, siku ambayo baba hayupo. Nilijifanya nimepita tu kuuliza kama wanahitaji vitambaa vya meza. Yule mama, watu wanamwita Mama Lin, ni mfupi, amefunga kanga kiunoni kama sisi, na Kiswahili chake kinatosha kuuza. Wao wenyewe walikuwa wanakula. Akanivutia kiti, akaniwekea bakuli, akasema karibu. Nami nikajibu kama nilivyolelewa, "Asante mama, nimeshiba." Kwetu hapo mwenyeji anakubembeleza, unakataa tena, anakasirika kidogo, ndipo unakula. Mama Lin akasema, "Haya," akaliondoa bakuli. Akarudi kwenye chakula chake kwa amani kabisa.

Nilibaki nimekaa na njaa yangu. Meza ya pili alikuwepo Rajabu, yule kijana wa Lukozi anayewaletea mboga, akacheka mpaka akapaliwa. Ndipo nikaagiza kama mteja.

Hakuna chura, kaka. Nilikaa karibu na mlango wa jikoni na niliona kila kitu. Kuna mayai, kuku, nyanya, tangawizi, na mboga za Rajabu, ambaye ni Mwislamu mwenye kuuliza kila kinachoingia kwenye sufuria kabla hajakaa. Na jikoni yumo Bwana Lin mwenyewe, ana kisu kipana kama jembe. Kwa hiyo harusi yako iahirishe.

Vibakuli amenieleza Rajabu. Siku ya kwanza baba alishindwa kumaliza, wakamfungashia kwenye kibakuli chao. Wewe unamjua baba, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Akakirudisha na njegere. Mama Lin akadhani mzee ameleta njegere zake apikiwe. Akazipika na nyama, akamrudishia kibakuli kimejaa. Baba nyumbani anakitazama kibakuli, atakirudishaje bila kitu? Akatia peasi. Mama Lin akazitengeneza na sukari. Ndiyo biashara yao mpaka leo, kila mmoja anamlipa mwenzake wema, na hakuna anayejua kuuzima. Hayo ndiyo mapenzi yenu mliyopeleka barazani.

Kristian hajamkosea. Baba amekula nyumbani kwetu miaka yote hiyo mama akiwa hai, na ukoko alikuwa anaudai mwenyewe. Usimtafute mchawi kwa mume wangu.

Sasa lililobaki ni lile lile la kwangu, na linaniuma zaidi kwa kuwa halina sababu. Chakula cha Mchina ni kitamu, sitadanganya. Lakini si cha kumfanya mtu akimbie sufuria ya mwanawe.

Mpigie Danieli leo hii umwambie aache. Leo, si Jumatatu.

Evelina


Mlalo, 10 Machi 2025

Kwa mwanangu Anord,

Amani ya Bwana iwe nawe, na mkeo, na wajukuu. Mimi ni mzima, na mvua zimeanza vizuri.

Juma lililopita niliitwa barazani. Danieli, ambaye mimi nilimfundisha kusoma, aliniuliza mbele ya wenzake kama nina nia ya kuoa mwanamke wa Kichina. Kabla sijajibu, akaomba. Aliomba kwa muda mrefu na kwa sauti kubwa, na mlango ulikuwa wazi, na nje kulikuwa na kwaya inasubiri zamu ya mazoezi.

Nakujibu wewe kwa sababu najua aliyeuliza ni wewe. Danieli hana akili ya kubuni swali kama lile.

Sina nia ya kuoa. Yule mama ana mume, tunasalimiana naye kwa kichwa. Nilikuwa nakula pale kwa sababu chakula chao ni laini na meno yangu yameharibika. Ni hilo tu.

Ili moyo wako utulie, sitashuka tena Lushoto. Presha nitapima hapa hapa zahanati. Vibakuli viwili vya watu vimebaki kwangu, ni safi, na vina maharage. Atakayepita avichukue avirudishe, nisionekane mwizi uzeeni.

Mwambie dada yako asinitumie chakula kwenye gari. Asante yake ninayo moyoni, lakini asitume.

Ni mimi baba yako,
Silvano


Lushoto, 24 Machi 2025

Kaka Anord,

Nimetoka Mlalo jana. Shikamoo yako utaipata mwisho wa barua, nikipoa.

Barabara ilikuwa tope tupu, tukashuka tukasukuma gari, nikafika nimelowa. Nimemkuta amekaa kibarazani. Kaka, baba amekwisha. Shati linamning'inia. Mkanda wa suruali ameutoboa tundu jipya kwa msumari, na hata hilo tundu jipya halimshiki. Jiko lilikuwa baridi. Ndani kulikuwa na mkate na chai ya rangi, na vile vibakuli viwili vya Mama Lin vimepangwa juu ya kabati vimefunikwa kitambaa cheupe kama vyombo vya meza ya Bwana.

Meno yameharibika, si ndivyo alivyokuandikia, ukanisomea kwa simu? Nilimkuta anatafuna muwa.

Nikaenda kwa shangazi Klara kumuuliza kama baba anakula. Akanikumbatia, akanishukuru kwa makande. Anasema ni matamu kama ya marehemu mwenyewe, na yanamfikia kila nikituma. Nilisimama pale mlangoni kwake kama mjinga. Sufuria zote nilizofunga kwa vitambaa tangu aache kushuka, nikawabembeleza makondakta wazishike magotini zisimwagike, zimeliwa na shangazi. Baba hakuonja hata kijiko.

Nilirudi nikagombana naye. Nimemfokea baba yangu, Mungu anisamehe. Nilimuuliza kama anataka kufa. Akajibu polepole, "Sitaki chochote, mwanangu. Mniache." Nikamuuliza chakula changu kina sumu gani. Akatazama bondeni, akasema mvua ya mwaka huu ni nzuri.

Kwa hiyo hongera. Jina la ukoo ni safi. Palikuwa na mahali pamoja tu duniani mzee alipokuwa anashika kijiko na kukifikisha mdomoni, nasi tumepafunga kwa maombi. Nina hasira na wewe, nina hasira na Danieli, na zaidi ya wote nina hasira na yeye, kwa sababu ninyi wawili hamjui, ila yeye anajua kitu na hasemi.

Naogopa, kaka. Tulimzika mama kwenye vumbi la kiangazi. Sitaki kumzika baba kwenye tope hili.

Shikamoo.

Evelina


Dodoma, 29 Machi 2025

Evelina, mdogo wangu,

Marahaba.

Nimemtumia baba chupa za dawa ya kuleta hamu ya kula, zitafika na basi. Mfamasia amesema ni nzuri. Nilipokwisha kuzituma nikajisikia mjinga, kwa sababu mtu anayetafuna muwa na kumaliza bakuli la tambi hana shida ya hamu.

Nilimpigia. Aliongea nami habari za mvua. Mimi kazini natoa maagizo kutwa nzima na watu wanayatii, lakini hapa sina la kuagiza, na hali hii inanitia hasira kuliko yote uliyoniandikia, nayo mengi ni kweli.

Mpeleke kwa Mchina. Kama ndiko anakokula, akale. Danieli nimeshamwambia, nimechelewa najua, tena kwa lugha ambayo mzee wa kanisa hakustahili kuisikia, na atakayeongea mwingine mwelekeze kwangu.

Niandikie upesi.

Anord


Lushoto, 11 Aprili 2025

Kaka Anord,

Shikamoo, na safari hii naitoa mwanzoni.

Nilimfuata Mlalo Alhamisi iliyopita. Nilijua nikimwambia twende ukale atakataa. Nikamwambia nimekuja kumkumbusha vyombo vya watu. Akasema nivibebe. Nikamwambia sibebi, vyombo anarudisha aliyeazima, ndivyo alivyonifundisha mwenyewe, na kama anataka Mama Lin aseme Wasambaa hawana adabu, basi avikalie. Alinitazama kwa hasira ya zamani, ile ya tulipokuwa wadogo, nami nikafurahi kuiona. Akaenda kuvaa koti.

Mama Lin alituona tukivuka barabara akatoka mpaka mlangoni. Akasema, "Shikamoo mzee, umepotea." Baba akaitikia marahaba kwa sauti iliyotoka kifuani. Akamkabidhi vibakuli vyenye maharage, na kabla yule mama hajageuka nikamshika mkono nikamwambia haya ni yako, usipike, weka ndani ule wewe. Sijui kama alinielewa. Aliyapeleka jikoni, nikasikia wanacheka na mumewe.

Tukakaa. Akaletewa tambi kwenye lile bakuli, nami nikaagiza hizo hizo. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Mlalo, tena makali. Nikayaona yote hayafai. Nikala. Baba naye akala, mwanzo kwa kuchokoa, halafu vizuri, halafu akainua bakuli akanywa mchuzi. Watu wa Lukozi meza ya pili wakamsalimia, hakuna aliyemuuliza lolote.

Alipofuta midomo ndipo akasema, hakunitazama, anatazama barabarani. Nakuandikia kama alivyosema.

"Evelina, wewe unapika kama mama yako. Si kufanana, ni yeye mwenyewe. Nikitia kijiko mdomoni nageuka kumwambia leo chumvi imekaa vizuri, na hayupo. Koo linafunga. Hapa hakuna kitu nilichowahi kula naye. Hapa nameza."

Kaka, nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Miezi yote hiyo nakoboa mahindi alfajiri, naonja, naongeza, naonja tena mpaka iwe sawasawa na ya mama, nikidhani namtuliza. Kumbe kadiri nilivyopatia ndivyo nilivyomfukuza. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, neno moja tu, ningepika ugali na dagaa tukamaliza.

Akasema, "Ningekuambiaje uache kupika kama mama yako? Ndicho alichokuachia."

Nililia mle ndani, mbele ya madereva. Mama Lin akaleta chai akaiweka karibu yangu, na hakusema karibu, safari hii aliiacha tu.

Jana tena ilikuwa Alhamisi. Nilikwenda kwa Mama Lin asubuhi nikamwangalia anavyokaanga wali na mayai, nikarudi nikajaribu. Sufuria yetu ni nyembamba, wali ukashika chini, mayai yakawa makavu, chumvi ikazidi. Nikamwekea baba hivyo hivyo. Alisali. Akala kijiko kimoja, akatafuna kwa muda, akasema, "Huu wali ni mbaya sana." Akamaliza sahani, akaisogeza kwangu niongeze.

Kwa hiyo anakula, andika hilo kwenye daftari lako la taarifa. Alhamisi anakula kwangu vibaya au kwa Mchina vizuri, achague mwenyewe. Zile dawa zako anazo shangazi Klara, nasikia zinamfaa.

Lakini leo Ijumaa, baada ya kufunga duka, nimepika makande. Kristian yuko njiani na mzigo, nyumba iko kimya. Nimekata kitunguu vipande virefu, nazi nimetia mwishoni. Nimetia kijiko mdomoni nami nimegeuka, kaka. Tangu msiba nilikuwa nampikia baba, sikuwahi kukaa nikala. Sikujua kwamba na mimi nitageuka.

Njoo Pasaka. Usilete zawadi, usilete maagizo. Baba tutampeleka kwa Mchina akale tambi zake, halafu mimi na wewe tutarudi hapa tule makande ya mama. Siwezi kuyamaliza peke yangu.

Mdogo wako,
Evelina